Ukame: Pesa Itoke Ng'ombe Akiwa Bado Amesimama

Kila ukame mkali ukipiga kaskazini mwa Kenya, tunaona mizoga kwanza, malori ya chakula baadaye. Malori yanaokoa watu, hilo sipingi. Lakini gunia la mahindi halimrudishii mfugaji kundi lake. Ukame wa 2020 hadi 2023, misimu 5 ya mvua ikikosekana mfululizo, uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini.

Kinachotakiwa ni msaada uliopangwa kabla ya shida. Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, mpango wa HSNP ulisajili kaya na kuzifungulia akaunti za benki mapema. Setilaiti ikionyesha malisho yamekauka sana, kaya za ziada nazo zinatumiwa pesa. Hakuna kuanza kuandikisha watu wakiwa tayari na njaa. Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010 nayo haihesabu mizoga, inaangalia hali ya majani. Ila setilaiti inapima eneo zima, kwa hiyo kwako kunaweza kukauka na fidia isije. Fidia ikija mapema unanunua nyasi na kuokoa ng'ombe wako. Ikichelewa, unaanza upya sokoni.

Sasa wewe unayefuga kibiashara. NDMA, mamlaka ya kitaifa ya kudhibiti ukame, hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 kame na kutaja ngazi: kawaida, tahadhari, hatari, dharura. Wengi huamka kwenye dharura. Wewe amka kwenye tahadhari. Uza madume na majike tasa wakiwa bado na mwili, maana baadaye kila mtu atauza na bei itaanguka. Pesa hiyo nunua nyasi kavu.

Piga hesabu: ng'ombe wa kilo 250 anataka kama kilo 6 kwa siku. Ng'ombe 10 kwa siku 90 ni kilo 5,400, yaani marobota 450 ya kilo 12. Na pima robota kabla ya kulipa, kuna watu wanafunga hewa bwana!

Wanaolima nyasi, ukame ukizidi kaunti na mashirika hununua marobota. Sajilini kikundi, jengeni ghala lisilovuja, na ofisi ya mifugo ya kaunti ijue mna marobota mangapi kabla mvua haijakosekana.