Saratani ya Matiti: Ulizia Protini ya HER2

Mtu akiambiwa kwamba uvimbe ulio kwenye titi lake ni saratani, huuliza mara moja: nitapona? Kuna swali jingine linalofaa kutangulia: ni saratani ya aina gani? Jibu limo katika kipande kidogo cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe huo.

HER2 ni protini inayokaa juu ya utando wa seli na kupitisha ujumbe wa kuiamuru ikue na kugawanyika. Seli ya kawaida ya titi huwa nayo kwa kiasi. Lakini kwa wagonjwa 15 hadi 20 hivi kati ya kila 100 wenye saratani ya matiti, protini hiyo huzidi mno na uvimbe hukua kwa kasi.

Mnamo 1987, Dkt Dennis Slamon na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba wagonjwa wa aina hii walirudiwa na ugonjwa mapema na kufariki upesi zaidi. Mwaka wa 1998, Marekani iliidhinisha trastuzumab, dawa inayoinasa protini hiyo hiyo. Kilichokuwa dalili ya hatari kikawa pia njia ya tiba.

Je, hupimwaje? Kipande hicho hutiwa dawa inayoipa HER2 rangi ya kahawia, kisha hutazamwa kwa darubini na kupewa alama. Alama 0 au 1 maana yake haijazidi, 3, imezidi. Alama 2 haitoshi kuamua: sharti jeni yenyewe ipimwe.

Kipande kisipotiwa fomalini mapema, yaani ndani ya saa moja, majibu yanaweza kupotosha. Kwa hivyo ukikabidhiwa chupa uipeleke maabara mwenyewe, ifikishe siku iyo hiyo. Usiilaze nyumbani ukisubiri pesa.

Ripoti ikitoka, tafuta majibu matatu: estrojeni, projesteroni na HER2. Likikosekana moja, muulize daktari kabla ya kuanza dawa. Trastuzumab ni ghali, haimsaidii kila mgonjwa, na yaweza kudhoofisha moyo. Ndiyo maana moyo hupimwa kwanza.

Tena, usiitupe ripoti hiyo. Tangu 2022 kumekuwa na dawa iliyoidhinishwa Marekani kwa baadhi ya wagonjwa wa alama 1 au 2 ambao saratani yao imesambaa mwilini. Karatasi hiyo yaweza kukufaa baadaye.