Mtoto au Mke? Imani na Sheria Zetu

Wanachuo wenzangu, ukigusa mada ya dini na siasa hapa chuoni, hukosi kujibiwa: "Tanzania haina dini, imani ibaki nyumbani." Nusu ni kweli. Ibara ya 3 ya Katiba inasema nchi haina dini. Ila ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na mbunge haivui imani yake mlangoni kama viatu.

Tuchukue Sheria ya Ndoa ya 1971. Iliweka pamoja ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za kiserikali. Kifungu cha 13 kikaweka umri: mvulana miaka 18, msichana 15. Rebeca Gyumi alipokipinga mahakamani, serikali ilijitetea kuwa umri huo ulikuwa maafikiano ya kuheshimu mila na dini. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliukataa utetezi huo na kutoa mwaka mmoja wa kurekebisha. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikashikilia uamuzi uleule.

Kwa sisi wa Nyansurura hili si swali la mtihani tu. Mwaka 1998 Bunge lilifanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa jinai. Lakini kwetu ukeketaji ndio mlango wa ndoa. Ukishapita, mazungumzo ya ng'ombe wa mahari yanaanza. Basi binti wa miaka 15, sheria moja inamwita mtoto wa kulindwa, nyingine inamruhusu awe mke.

Bibi yangu aliamini kuacha mila kunaiudhi mizimu. Hakuwa mkatili, aliogopa laana iupate ukoo. Mchungaji aliyembishia naye alisukumwa na imani: mwili wa binti ni kazi ya Mungu. Na hapa Mara yako makanisa yanayowahifadhi mabinti wanaokimbia kisu msimu wa Desemba.

Kwa hiyo sisemi imani ifukuzwe bungeni. Ije, iseme. Ila ikitaka kuwa sheria inayotubana wote, itoe sababu ambayo hata asiyeiamini anaweza kuipima: nani ataumia, na je, yeye ameulizwa? Maafikiano ya 1971 yalikuwa ya watu wazima. Aliyeyabeba ni binti wa miaka 15.