Kuwashukuru Wenyeji Waliotupokea

Ndugu msomaji, mwanafunzi mpya wa dini hudhani kwamba akishatamka Alhamdulillahi deni la shukrani limekwisha. Lakini Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. ameifungamanisha shukrani ya Mwenyezi Mungu na shukrani ya watu, hata ikawa mwenye kuiacha hii hana njia ya kuidai ile. Tulitazame fundisho hilo katika nchi tuijuayo, yaani Chiwata, iliyo kati ya Masasi na Newala.

Wazee wengi wa huko, Wayao, Wamakua na Wamakonde, husimulia jinsi wahenga wao walivyovuka mto Ruvuma. Mwaka 1876 wakaja wageni wa namna nyingine. Askofu Edward Steere wa misheni ya Kiingereza alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, akikusudia kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliona ardhi njema, wakakaa na kulima. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa huku Magwangwara, wakakivamia kijiji chao, wakaua na kuteka. Misheni ikahamia Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao, naye akaipokea. Dini yao siyo yetu, lakini wema wa Matola ni wema, na haifai kuuficha.

Nawe fikiri wema huo ulikuwa na gharama gani. Newala iko juu ya uwanda usio na mto. Siku zile wanawake waliteremka mabondeni kutafuta maji, kisha wakapanda tena na mitungi vichwani. Aliyempa mgeni maji ya kunywa alimpa safari nzima ya miguu ya mkewe au binti yake.

Vita ya ukombozi wa Msumbiji ilipoanza Septemba 1964, maelfu walivuka Ruvuma. Serikali ikaweka makazi, kama yale ya Rutamba katika Lindi. Walakini wengi walipokelewa na jamaa na majirani tu. Sisemi kwamba kila mwenyeji alitabasamu. Wamakonde waliotoka Msumbiji waliitwa Wamawia, na mara nyingi jina hilo lilitamkwa kwa dharau. Hata hivyo chakula kilitolewa, tena na watu ambao wenyewe hawakushiba. Mtu wa nchi hii aijua miezi ya Januari na Februari, ghala zinapopungua na mahindi mapya hayajakomaa, hata watu wakaingia porini kuchimba ming'oko. Anayekupa kibaba cha unga mwezi huo amekimega katika chakula cha watoto wake. Na anayekukatia miti ya muhogo ukapande, akakuonyesha na kipande cha ardhi, amekupa chakula cha mwaka ujao.

Hapa wengi hukosea. Kurani Tukufu, katika Sura Ad-Dahr, yawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa bila kutaka malipo wala shukrani. Aliyelishwa akisoma hapo huweza kusema: "Basi hakutaka shukrani yangu, nami nimesamehewa." La! Mtoaji amekatazwa kuidai, na mpokeaji ameamriwa kuitoa. Kila mmoja aisome amri yake, asijifiche nyuma ya amri ya mwenziwe.

Tazama Madina. Saad bin Rabii, mwenyeji, alimwambia Abdurahman bin Auf, mhamiaji kutoka Makka, achukue nusu ya mali yake. Abdurahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akaanza kwa kuuza jibini na samli, hata akawa tajiri, akatoa sana katika njia ya Mungu. Kutomaliza ghala ya mwenyeji wako ni shukrani pia. Nami naona ni ile iliyo ngumu zaidi.

Tangu Oktoba 2017 mapigano ya Cabo Delgado yameondoa watu wengi makwao, na baadhi yao wamevuka Ruvuma tena. Mjukuu wa yule aliyepokelewa mwaka 1964 sasa ndiye mwenyeji.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya somo lijalo waulize wazee wa nyumba yako: babu alipofika hapa, nani alimpa shamba la kwanza? Liandike jina hilo, umwombee dua mwenyewe, kisha uwatafute watoto wake na kuwauliza kama mwaka huu chakula chao kitafika mavuno.