i7 iliyonila laki saba: soma namba yote ya prosesa kabla hujalipa

Juzi dada mmoja anayeuza magauni mtandaoni aliniandikia: "Kaka, nimepata laptopu ya i7 kwa laki saba, nichukue nianze kujitengenezea matangazo mwenyewe?" Nikamwambia anitumie namba yote ya prosesa. Akajibu muuzaji kaandika "Core i7" tu, basi. Hapo nikakumbuka yangu.

Miaka miwili nyuma, mwezi wa kumi na mbili, mama mmoja wa vitenge alinipa kazi ya tangazo la sekunde 40, alitaka kuanza kulirusha stetasi kabla ya Krismasi. Mimi ni mtu wa form four, haya mambo nimejifunza usiku kwa bando langu. Laptopu nilikuwa nayo mpya kwangu, mtumba wa i7, niliagiza ikaja na basi mpaka Bukoba kisha Nkwenda. Laki saba na ishirini, hela ya duka.

Kazi haikuwa kukata video tu. Nilimpiga video binti amevaa kitenge mbele ya kitambaa cha kijani, nikaondoa ule ukijani, nikamweka kwenye mandhari nyingine, nikaongeza kivuli, bei inayoruka na vumbi la dhahabu. Picha juu ya picha, tabaka tisa. Saa mbili usiku nikabonyeza kurenda, nikalala nikijua asubuhi nakabidhi. Saa nane usiku umeme ukakatika, betri ilikuwa imechoka, laptopu ikazima. Ilikuwa imefika asilimia 60. Faili la mp4 lililokatikia njiani halikufunguka kabisa. Mama akampa kazi mtu mwingine, na hajanirudia mpaka leo.

Baadaye kaka mmoja fundi wa Bukoba aliangalia ile mashine akacheka kidogo: "Mdogo wangu, hii i7 yako ina kori mbili."

Kori ni kile kichwa cha kufanyia kazi ndani ya prosesa. Yangu ilikuwa i7-7500U. Ina kori 2. Mwaka 2017 Intel walitoa i5-8250U, nayo ina kori 4. Umeona? i5 ina kori mara mbili ya i7 iliyotangulia. Na ukisoma tangazo la muuzaji utadanganyika mara ya pili, maana i7-7500U imeandikwa 2.7 GHz na i5-8250U imeandikwa 1.6 GHz. Ile ni spidi ya kuanzia. Zikipandisha, moja inafika 3.5 na nyingine 3.4, karibu sawa. Kwa kurenda, ile i5 yenye spidi ndogo kwenye karatasi ndiyo inayoiacha i7 nyuma.

Kwa hiyo namba soma hivi. Kwa namba kama hizi, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi: 7500 ni cha 7, 8250 ni cha 8. Herufi ya mwisho ndiyo tabia. U ni ya kubana umeme, kawaida wati 15. HQ na H ni za kazi nzito, wati 45 hivi. i7-6820HQ ni ya kizazi cha 6, ya zamani kuliko yangu, lakini ina kori 4. Utaikuta kwenye HP ZBook 15 G3, limashine zito kama tofali. Kama unategemea sola ndogo, hizo wati 45 zifikirie mara mbili. Ukitaka nyepesi, EliteBook 840 G5 au ThinkPad T480 yenye prosesa ya kizazi cha 8 inatosha kuanzia, na kizazi hicho ndicho Windows 11 inakoanzia rasmi kwa Intel. EliteBook 840 G4 ni ya kizazi cha 7 kurudi nyuma, kori mbili, hata akuapie. Za kizazi cha 12 kuja mbele zina mtego wake: i5-1235U inaitwa ya kori 10, ila kori kubwa ni 2 tu na 8 ni ndogo za kubana umeme.

Kuhakiki ni rahisi. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, bonyeza CPU. Chini utaona Cores na Logical processors. Soma Cores. Ile ya pili mara nyingi ni mara mbili yake, maana kori moja inashika kazi mbili kwa kupokezana. Inasaidia kiasi, haigeuzi kori mbili kuwa nne. Kama uko mbali, mwambie muuzaji apige picha ya hapo. Akikataa, hela yako ibaki mfukoni.

Sasa usikimbilie kori nyingi tu. Fikiria msimu wa kahawa. Ukiweka vibarua wanane shambani, kuchuma kunaenda haraka, lakini mkifika chama cha msingi mzani ni mmoja. Mtapanga foleni tu. Kompyuta nayo iko hivyo. Tuseme kazi ya saa nzima, dakika 40 zinagawanyika kwa kori na dakika 20 hazigawanyiki. Kori 2 itamaliza kwa dakika 40. Kori 4, dakika 30. Kori 8, dakika 25. Weka hata 100, chini ya 20 hushuki. Bwana mmoja wa Marekani, Gene Amdahl, alilieleza hili tangu 1967. Ndiyo maana kutoka kori 2 kwenda 4 utaona tofauti kubwa kwa hela ndogo, ila kutoka 8 kwenda 16 unalipa sana unapata kidogo.

Na mzani unategemea programu unayotumia. After Effects kwa miaka kadhaa ilikuwa haitumii kori zote vizuri, mpaka toleo la Oktoba 2021 lilipoanza kurenda fremu kadhaa kwa wakati mmoja. Ukiwa na toleo la nyuma ya hapo, prosesa ya kori nyingi inakaa bure. DaVinci Resolve yenyewe inaegemea sana kadi ya grafiki, kwa hiyo hela ya prosesa kubwa bila kadi nzuri itakuuma. Chagua programu kwanza, halafu mashine.

RAM nayo. Video ya simu iliyosimama ni nukta 1080 kwa 1920, zaidi ya milioni 2 kwa kila fremu, na fremu moja ikifunguliwa inakula karibu MB 8. Sekunde 30 kwa fremu 30 kila sekunde ni fremu 900. Zidisha, unafika GB 7 na nusu, kwa kuangalia tu tangazo lako kabla ya kurenda. Kila kori inayorenda fremu yake inataka RAM yake pia. Adobe wenyewe wanasema GB 16 ndiyo kima cha chini cha After Effects. Laptopu ya kori 4 yenye RAM 8 bado ni foleni. Mtumba wenye nafasi mbili za RAM ni mzuri, unaongeza ya pili baadaye hela ikipatikana.

Halafu vumbi. Kiangazi hapa kwetu mnalijua. Feni ikiziba, prosesa inapata joto na inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue. Mpe fundi asafishe na abadilishe ile dawa ya kupitisha joto kabla hujasema mashine ni mbovu. Na usirende kwa betri kama huna sababu, laptopu nyingi zinapunguza nguvu zikitolewa kwenye chaji.

Kabla hujaenda kununua, kumbuka ng'ambo ya mpaka. Kule Wakaliga, Kampala, kuna Isaac Nabwana aliyetoa filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Helikopta, milipuko, kila kitu kimebandikwa kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe kwa vipuri vya mitumba, na kitambaa cha kijani kilichonunuliwa sokoni kikatundikwa ukutani. Ila naye mashine ilimbana: mafaili ya filamu ile alikuja kuyafuta ili apate nafasi ya kazi nyingine. Diski ya nje nunueni jamani.

Kwa mashine dogo kuna njia mbili ambazo zingeniokoa usiku ule. Ya kwanza, usirende mp4 moja kwa moja. Toa picha za PNG zenye namba, fremu moja faili moja. Fremu yangu moja ilichukua karibu nusu dakika, na mpaka umeme unakatika nilikuwa nimemaliza 720 kati ya 1,200. Zingekuwa PNG, ningeanzia 721 asubuhi, na saa nne kama hivi za kurenda zingetosha kumaliza. Kuziunganisha kuwa mp4 ni dakika chache. Ya pili, ukishaondoa kijani na umeridhika, lirende hilo tabaka peke yake, PNG inahifadhi sehemu iliyo wazi. Mteja akibadilisha bei, na watabadilisha tu, kompyuta hairudii kuondoa kijani upya.

Na ukienda dukani nenda na flashi. Blender ni ya bure, ina sehemu ya kuunganisha picha, na lile toleo la zip linafunguka bila kusakinisha, lifungulie kabisa ndani ya flashi. Weka na kazi yako ndogo humo, renda fremu 30 mbele ya muuzaji ukishika saa ya simu. Fanya hivyo kwa laptopu mbili, utajua ipi ni ipi kuliko stika yoyote.

Yule dada wa magauni nilimuuliza mwisho, matangazo yako yana nini? Akasema picha tatu, muziki na bei. Nikamwambia hiyo ni kazi ya CapCut kwenye simu aliyoshika, laki saba aongeze mzigo. Wewe kama una laptopu unayoifikiria, weka hapa chini namba yote ya prosesa, pamoja na herufi ya mwisho, na RAM. Najibu usiku nikishafunga duka.