SOMO: UMEME UKIKATIKA, SAA ISISAHAU



Anayeishi Buterere na kuingia zamu mjini Bujumbura saa 12 asubuhi huamka kungali giza. Akitegemea saa ya umeme yenye kengele, na umeme ukakatika usiku, huenda akaamshwa na jua. Atakuta namba zinawaka na kuzimika, kengele haikulia, na mshahara wa siku uko hatarini. Kwa hiyo somo hili si la mafundi peke yao.

1. Chombo hukumbukaje?
Kuna kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni kama hesabu ya kichwani: hudumu maadamu umeme upo. Saa nyingi huweka majira na kengele humo. Ya pili ni kama daftari: kilichoandikwa hubaki hata umeme ukikatika. Televisheni nyingi za siku hizi huandika stesheni zake humo.

2. Kazi ya betri
Tazama chini au nyuma ya saa yako. Nyingi zina kijumba cha betri, mara nyingi ya volti 9. Kwa kawaida betri hiyo haiwashi namba. Huendeleza hesabu tu. Basi namba zikizimika usidhani saa imekufa.

Lakini angalia: saa nyingi za namna hii huhesabu muda kwa mizunguko ya umeme, ambayo kwetu ni 50 kwa sekunde. Zikiwa kwenye betri hutumia hesabu yao wenyewe, isiyo sahihi sana. Umeme ukirudi, ilinganishe saa na redio.

Badili betri kila mwaka, tena saa ikiwa imechomekwa na umeme upo, ili kumbukumbu isipotee. Betri iliyozeeka huvuja na kula vyuma.

3. Umeme unaporudi
Umeme unaporudi waweza kupanda na kushuka kabla ya kutulia. Mshtuko huo waweza kuunguza hata kumbukumbu ya daftari. Umeme ukikatika, fanya hivi:
(a) Chomoa televisheni, redio na friji. Saa yenye betri nzima nayo waweza kuichomoa.
(b) Acha taa moja iwe mlinzi wako.
(c) Taa ikiwaka bila kuyumba, ngoja dakika 5 kabla ya kuchomeka. Friji hasa yahitaji muda huo, ili mgandamizo wa gesi ndani ya mashine yake upungue.

4. Akiba
Andika stesheni na majira yako katika daftari la kweli. Weka pia saa ndogo ya betri au ya kutia ufunguo karibu na kitanda.

Maswali ya kujadili tawini
1. Je, saa yako ina betri? Ilibadilishwa lini?
2. Kwa nini betri hubadilishwa umeme ukiwapo?
3. Mwenzetu akichelewa kwa sababu ya umeme kukatika mtaa mzima, chama kimsemeeje mbele ya msimamizi?