Wenye Zamu ya Usiku

MJUKUU: Babu, leo mwalimu katufundisha wanyama wa usiku. Kataja popo, bundi na komba. Nikamuuliza, mbona jogoo hakumtaja, naye huwika kungali giza? Darasa zima likacheka.

BABU: Swali lako halikuwa la kuchekwa. Lakini si kila mnyama unayemsikia usiku ni wa usiku. Wa usiku ni yule anayelala mchana, na giza likiingia ndipo anapotoka kutafuta chakula na mwenza. Jogoo huwika, kisha hubaki pale pale kitunduni mpaka kuche.

MJUKUU: Na hao wamelipendea nini giza?

BABU: Kila mmoja na lake. Kuna anayekimbia jua kali, kuna anayemkimbia mwewe, na kuna anayefuata chakula, maana nondo na panya nao hutoka usiku. Hata miti imo. Ua la mbuyu hufunguka jioni, na popo wala matunda huja kunyonya utamu wake, wakaondoka na chavua kuipeleka kwenye mbuyu mwingine.

MJUKUU: Wanaonaje?

BABU: Hapo hawafanani. Komba ana macho makubwa, na nyuma ya jicho mna utando unaourudisha mwanga ili autumie mara ya pili. Ndiyo maana ukimmulika, macho yanawaka kama makaa. Bundi macho yake hayazunguki, kwa hiyo hugeuza shingo. Ila masikio yake ni makali, humsikia panya akitembea majanini. Popo wadogo wala wadudu hutoa sauti tusiyoisikia sisi, wakafuata mwangwi wake. Lakini wale popo wakubwa wa kwetu Pemba, wanaolala mitini kule Kidike, ufundi huo hawana. Wao ni macho na pua.

MJUKUU: Bibi anasema bundi akilia juu ya paa, pana msiba.

BABU: Bundi anamwita mwenzake tu, na akikaa karibu na nyumba yenu, panya watapungua. Tusiyemwona vizuri tunamzushia mengi. Hao popo wa Kidike hawapatikani kokote duniani ila kisiwa hiki, na waliwindwa hadi wakakaribia kwisha. Wanakijiji walipoanza kuwalinda, miaka ya 1990, ndipo wakaongezeka tena.

MJUKUU: Basi na ami, anayelinda skuli usiku na kulala mchana, naye ni wa usiku?

BABU: (akicheka) Kazi yake ndiyo ya usiku, mwili wake ni wa mchana kama wako. Ndiyo maana alfajiri usingizi humlemea. Mnyang'anye tochi, kisha umwambie amfukuze komba juu ya mwembe, uone nani atakayeanguka.