Pikipiki Inamisi: Tusiishitaki Taimingi Bila Ushahidi

Swali: Pikipiki yangu ya silinda moja inamisi. Fundi anasema taimingi ya moto imehama. Je, inahama yenyewe?

Kwenye pikipiki za zamani za platini, ndiyo. Platini hulika kwa kugusana na kuachana, nafasi yake hubadilika, na cheche huwahi au huchelewa. Pikipiki nyingi za bodaboda leo zinatumia CDI, ambayo haina platini. Pikapu huhisi kinundu kilicho kwenye magneto kinapopita, hupeleka ishara, na CDI huamuru koili itoe moto. Hakuna kinachosuguana hapo. Magneto nayo imeshikwa kwenye krenki kwa nati na kii, kile kichuma kidogo chenye umbo la nusu mwezi. Kwa hiyo taimingi iliyokuwa sawa jana haina sababu ya kuharibika leo, isipokuwa kii imekatika, nati imelegea, pikapu imesogea au CDI imeharibika au si ya injini hiyo.

Swali: Lakini taimingi ikikosea kidogo tu si injini inasumbuka?

Inasumbuka sana, na hesabu yake ni rahisi. Krenki inayozunguka mara 3,000 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 0.02, hivyo katika sehemu moja ya elfu ya sekunde inageuka nyuzi 18. Mchanganyiko wa hewa na petroli hauungui papo hapo, ndiyo maana cheche hutangulia kabla pistoni haijafika juu. Ila kosa la taimingi lina dalili zake. Cheche ikiwahi mno, kiki hurudisha mguu kwa nguvu na injini hugonga ikibebeshwa mzigo. Ikichelewa, nguvu hupungua, injini huchemka na bomba la moshi hupata joto kupita kiasi. Dalili hizi hudumu safari nzima. Kumisi kunakokuja na kuondoka, hasa mvua ikinyesha au injini ikipata moto, kwa kawaida kunatokana na kitu kingine.

Swali: Kitu gani hicho, na nianzie wapi?

Anza na vitu rahisi na vya bei nafuu. Fungua plagi uisome: masizi makavu meusi yanaonyesha petroli imezidi au chujio la hewa limeziba; weupe unaonyesha hewa imezidi, pengine inapenya kwenye mpira wa kabureta; mafuta mabichi ya injini yanaonyesha ringi au sili za valvu zimechoka. Pima nafasi ya plagi kwa fila geji. Injini nyingi za aina hii hutaka kati ya milimita 0.6 na 0.8, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Kagua kofia ya plagi, waya wake na waya wa athi. Kisha pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi, kwa sababu valvu iliyobana haifungi vizuri, mgandamizo unavuja, na injini inamisi ingawa umeme hauna kasoro. Usiridhike kwa kuona plagi inatoa cheche nje: ndani ya silinda cheche huruka kwenye hewa iliyogandamizwa, na hapo huhitaji volti nyingi zaidi.

Swali: Mbona wengine wakibadilisha CDI pikipiki hupona?

Wapo ambao CDI yao ilikufa kweli. Lakini kubadilisha CDI ni kuchomoa na kuchomeka soketi, na kitendo hicho pekee huweza kukwangua kutu na kurudisha mguso uliopotea. Kama ugonjwa ulikuwa pale, kifaa kipya kitasifiwa bure, na kutu ikirudi kumisi nako kutarudi. Jaribio la haki ni kusafisha soketi kwanza, kuendesha, kisha kuamua. Taimingi yenyewe huthibitishwa kwa taa ya taimingi: injini ikiwa sailensa, alama ya F kwenye magneto, kwa pikipiki zenye alama hiyo, inapaswa kuonekana ikilingana na alama ya kava. Ikilingana, taimingi ya sailensa iko sawa. Isipolingana, fungua magneto ukague kii.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatoa pesa ya CDI, muulize fundi wako amepima nini na amepata kipimo gani. Fundi mzuri atakuonyesha.